Mwezi wa Tangambili

Zilikuwa baiskeli 12, zimening'inizwa kwenye boriti za karakana kwa kamba za mkonge. Zote nyeusi tii, zimepigwa mistari ya rangi ya dhahabu kwa brashi, na shingoni mwa kila moja palikuwa na matundu mawili matupu. Matundu hayo ndiyo yaliyotukosesha usingizi Aprili ya mwaka 2016. Hapo ndipo nembo inapokaa, na sisi hatukuwa na nembo kwa sababu hatukuwa na jina.

Karakana ni ya mjomba wangu, ipo Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Mimi nilikuwa mtunza hesabu wake. Anayeujua mji wetu anajua kwamba ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, na alfajiri utawaona wauza mikate, walimu, wachuuzi wa samaki wakitoka sokoni Deep Sea na matenga yanayochuruzika, na kina mama waliokunja khanga vizuri wakaketi wima kwenye viti vyao. Kwa zaidi ya miaka 30 Mjomba alikuwa akitengeneza baiskeli za watu hao. Katika miaka ile ya mwisho alianza kuletewa kitu kimoja tena na tena: baiskeli nyeusi ya marehemu baba, imekula kutu, na mtoto wa marehemu anasema, "Mzee, sitaki mpya. Nataka hii hii irudi kuwa kama zamani."

Nyingine zilikuwa hazirudi. Bomba limeoza kwa ndani, ringi imepinda, vyuma vya breki havipatikani. Ndipo Mjomba akaamua kuzijenga upya kwa mtindo ule ule. Fremu nzito zisizo na chapa aliziagiza kwa mwenye duka mmoja Kariakoo. Ringi zilikuwa za namba 28, spoki 32 mbele na 40 nyuma kama walivyozoea Waingereza, kwa kuwa mzigo wote hukaa nyuma. Breki zilikuwa za vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani, si za waya. Cheni ilifunikwa yote ndani ya boksi lake ili kanzu wala buibui lisinaswe. Viti vilishonwa kwa ngozi na fundi viatu wa mtaa wa pili. Saba zilikuwa na bomba la juu, tano hazikuwa nalo, zile ambazo watu huziita za kike.

Kazi ya chuma ilichukua miezi minne, nami nilidhani jina ni kazi ya jioni moja.

Nilikuja na kauntabuku lenye majina 31. Mjomba hakulifungua. Alishusha kopo la maziwa ya unga kutoka kwenye rafu, akamwaga juu ya meza nembo alizokuwa akizibandua kwenye fremu zilizokufa tangu ujana wake. Alizipanga kama mtu anayepanga karata. Palikuwa na Raleigh na kichwa cha korongo. Palikuwa na BSA na bunduki zake tatu zilizoegemezana, kwa sababu herufi hizo ni za kiwanda cha silaha cha Birmingham. Phoenix ya Shanghai ilikuwepo, ndege ambaye kila mtu alilitamka jina lake kwa namna yake, na Hero ya Ludhiana, India.

"Haya ndiyo majina yaliyobeba watu wa hapa," akasema. "Yamebeba mahindi, yamebeba wagonjwa, yamebeba maharusi. Hakuna hata moja lililotoka kinywani mwetu."

"Swala je?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo. Swala ilikuwa ya kwetu kweli, ya kiwanda cha taifa cha baiskeli, NABICO, pale Dar es Salaam, na ndiyo baiskeli ya kwanza aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe. Nembo yake hakuwa nayo. Alisema ile aliiuza nzima, hakuibandua kitu. Nilimwona akiligusa lile tundu tupu la fremu iliyokuwa karibu naye kwa kidole gumba, nikajua anaitamani. Lakini alitikisa kichwa. Jina lile lilikuwa la watu wengine, na jasho lao lilikuwa bado limo ndani yake.

Fundi wetu mkuu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyetupa kipimo. Alisema jina la baiskeli halipimwi kwa kuliangalia kwenye karatasi. Liseme mara tatu kama wasemavyo watu: lete fulani yangu, nimepanda fulani, nimeibiwa fulani. Likipita hapo, lichonge.

Kipimo hicho kiliua orodha yangu ndani ya nusu saa. Nilikuwa nimeweka Mkonge juu kabisa, na nilikuwa na sababu. Mkonge ndio uliojenga Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 yakatokea mashamba yote tunayoyaona kando ya reli. Nilidhani ni jina lenye mizizi. Fundi akasema, "Nimepanda Mkonge," na wote tukaona mtu ameshika jembe. Jahazi nalo: "Nimepanda Jahazi," yaani ameshafika Pemba. Ngamia lilipendwa kwa ajili ya Ngamiani na kwa ajili ya mzigo, lakini "nimeibiwa Ngamia" hakuna askari ambaye angeliandika kwenye daftari lake. Tausi lilipita mara zote tatu bila kikwazo. Mjomba akalikataa, akasema tausi huburuta mkia, na baiskeli inayoburuta kitu huletwa kwake kutengenezwa.

Kuna jambo moja nililijifunza pale ambalo sikuwa nimelifikiria, mimi niliyezaliwa ndani ya lugha hii. Mnyama akishakuwa baiskeli, anabadilika hata kwenye sarufi. Swala wa porini ni "swala wangu," lakini aliyekuwa na ile baiskeli alisema "Swala yangu," na hakuna aliyemfundisha. Jina likikubaliwa na watu, linahamia ngeli ya baiskeli lenyewe. Nikaanza kuyasikiliza majina kwa sikio hilo: lipi litakubali kuitwa "yangu"?

Kijana wa Mjomba aliyekuwa akisoma Dar alipiga simu, akashauri jina la Kiingereza lenye maana ya ukale, akasema ndilo litakalouzika kwa watalii na kwa vijana wa mjini. Fundi akakumbusha kwamba Raleigh lenyewe ni jina la mtaa tu: Frank Bowden alikikuta kikarakana kidogo katika Raleigh Street, Nottingham, mwishoni mwa miaka ya 1880, na jina la mtaa likaenea dunia nzima. "Basi na sisi tuweke namba ya barabara yetu," akasema. Hilo lilinigusa kuliko alivyojua. Lakini namba haina sauti ya kuitikia.

Jina la mji lenyewe tulilifikiria kwa siku tatu. Tanga ni jina la mji na ni kitambaa cha chombo kinachoshika upepo. Neno moja, tena zuri. Nilikwenda kuulizia taratibu za BRELA, wanaosajili alama za biashara, nikaelezwa kwamba baiskeli zipo kwenye daraja la 12 pamoja na vyombo vyote vya usafiri, kwamba usajili wa kwanza ni wa miaka 7 na baada ya hapo unauhuisha kwa miaka 10 kila mara, na kwamba Zanzibar wana ofisi yao, kwa hiyo anayetaka kuuza Unguja na Pemba asajili na huko. Jina la mahali likisimama peke yake si rahisi kupewa mtu mmoja. Nilirudi nikamweleza Mjomba, naye akaniambia hakuhitaji ofisi kumwambia hilo. Tanga ni ya watu wote.

Wiki ya tatu tuliamua, au tulidhani tumeamua. Kwa kuwa baiskeli zilikuwa za namna mbili, tulichukua pepo mbili. Zenye bomba la juu ziitwe Kusi, kwa kuwa kusi, utokao kusini, ni upepo wa nguvu. Zile tano ziitwe Kaskazi, upepo utokao kaskazini. Majina yote mawili yalipita kipimo cha Fundi, yalikuwa ya pwani, yalikuwa mafupi. Nilifurahi sana. Usiku ule nilichora herufi zake kwenye kauntabuku mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta, maana umeme ulikuwa umekatika.

Kesho yake shangazi yangu alipita kuniletea mihogo. Yeye na Mjomba wamejuana tangu arusi ya wazazi wangu, na hupenda kukaa kwenye benchi pale mlangoni. Baba yake, babu yangu, alikuwa nahodha wa chombo cha kwenda Pemba na Mombasa. Nilimwamkia, nikamwonyesha michoro yangu kwa fahari.

Aliitazama muda mrefu. "Mwanangu, nani kakwambia upepo una mume na mke?"

Nikamweleza kwamba ni namna ya kutofautisha tu.

"Mimi nikitaka yenye bomba, nitapanda Kusi au nitakatazwa?" Akageuka kwa Mjomba. "Na wewe shemeji, unajua wazi kwamba kusi likivuma hakuna anayekwenda kusini. Chombo kinangoja. Baba alikaa Mombasa miezi, akingoja. Mtu akinunua baiskeli hii, anakwenda upande mmoja na kurudi mwakani?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alikuwa akitazama nje, kwenye mwarobaini ulio mbele ya karakana. Matawi yalikuwa yakisogea kidogo huku, kisha kidogo huku, kama mtu asiye na haraka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na kaskazi ilikuwa imekwisha, lakini kusi lenyewe lilikuwa bado halijakaza.

"Mwezi huu baba aliupenda," akasema. "Tangambili. Upepo hauna ubabe. Unatweka tanga, ukitaka kwenda juu unakwenda, ukitaka kushuka unashuka. Chombo kinakwenda na kinarudi."

Aliyasema hayo akimenya muhogo. Hakuwa akitupa jina, alikuwa akimkumbuka baba yake. Lakini Fundi aliweka spana chini. Mimi nililiona neno zima mbele yangu, na vilivyomo ndani yake: mji wetu, na tanga la chombo, na mbili, ambayo ni magurudumu, na kwenda na kurudi. Sikuweza kusema kitu. Fundi ndiye aliyesema, taratibu, kama anayejaribu breki:

"Lete Tangambili yangu. Nimepanda Tangambili. Nimeibiwa Tangambili."

Mjomba alikwenda nyuma ya karakana. Aliporudi alikuwa ameosha uso. Akasema zote 12 ni Tangambili, yenye bomba na isiyo na bomba, na anayenunua atachagua mwenyewe.

Stika za kwanza zilirudi kutoka kwa mchapaji zimeandikwa kwa maneno mawili, Tanga Mbili, na za nusu ya fremu herufi zilikuwa zimepinda. Hatukuwa na fedha ya kuchapisha tena. Fundi alimwita kijana anayechora vibao vya maduka, akaandika jina kwa mkono kwenye kila bomba, kwa rangi ile ile ya dhahabu, neno moja bila kuvunjika. Nembo za shingoni zilikatwa kwenye bati la shaba: tanga la pembetatu, na chini yake duara mbili. Niliipigilia ya kwanza mimi mwenyewe. Matundu yale mawili yalipozibwa nilikaa chini sakafuni nikaitazama mpaka adhana ya magharibi.

Ya kwanza ilinunuliwa na mkunga wa Makorora, na alichukua yenye bomba. Alilipa kwa awamu tatu, na niliandika kila awamu kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Tangambili, namba 1.

Baada ya wiki sita hivi alirudi asubuhi, anasukuma, sketi imechafuka grisi kidogo pembeni. Alimsalimia Mjomba, akamgeukia Fundi.

"Fundi, hii Mbili yangu cheni inacheza. Naomba uikaze, nina mama anaumwa uchungu huko juu."

Nilifungua kinywa nimwambie jina lake kamili. Nilikuwa nimelibeba jina lile kama yai. Lakini Fundi alikwisha piga magoti, ameshafungua boksi la cheni, na bila kuinua kichwa akaniambia niandike risiti haraka, dada, mtu ana safari.

Nikaandika: Mbili, kukaza cheni. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alisoma juu ya bega langu, akasema asilipishwe.