Asiyeandika Msimbo Hucheka

Mtu aliyenunua programu akichukizwa nayo ana silaha moja iliyo wazi, nayo ni kuacha kulipa. Kwenye programu huria za kompyuta za mezani, yaani zile ambazo msimbo wake (maagizo yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, silaha hiyo haipo, kwa kuwa hakuna aliyelipa. Aliyeandika programu unayofungulia picha zako kila siku huenda aliiandika usiku, baada ya kazi yake ya mshahara, nawe hukumpa kitu zaidi ya kuipakua. Ukitaka akusikie, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuandika msimbo, ama wa kurekebisha kilichopo, ama wa kujitenga nacho. Ya pili ni kucheka. Nimesoma mabishano ya watu hawa mitandaoni kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba utani wao, ambao mgeni huuona kuwa upuuzi wa watu wasio na shughuli, ndiyo kura ya wale wasioweza kuandika msimbo.

Wanaoweza kuandika huwa hawana haja ya kura hiyo. Tarehe 14 Oktoba 1996 Matthias Ettrich, aliyekuwa mwanafunzi nchini Ujerumani, alitangaza mradi wa KDE akiwa na lalamiko lililo rahisi kueleweka: kwenye mifumo ya uendeshaji ya Unix ya wakati ule kila programu ilikuwa na sura yake, menyu zake na tabia zake, na mtumiaji wa kawaida alilazimika kujifunza upya kila alipofungua dirisha jingine. Alitaka eneo-kazi zima, yaani madirisha, menyu na vitufe vyote vya skrini, liwe na mwenendo mmoja. Tatizo ni kwamba mradi wake ulijengwa juu ya Qt, maktaba (msimbo wa kujengea programu nyingine) ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo leseni yake siku hizo haikutimiza masharti ya programu huria. Baadhi ya watu waliona hatari ya kujenga nyumba ya umma kwenye kiwanja cha mtu binafsi, na Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME, eneo-kazi jingine, wakitumia GTK, maktaba iliyozaliwa ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Mwaka 2000 Qt ilitolewa chini ya GPL, leseni ya programu huria, na sababu ya kutengana ikawa imekwisha. Miradi miwili haikuungana, bali ilibaki na vijembe vyake. Inasemwa kuwa watu wa KDE hawajawahi kukutana na kitufe wasichokipenda, na kwamba watu wa GNOME huamka asubuhi wakitafuta kitufe cha kuondoa. Wengi wanaorushiana vijembe hivyo leo hawajui kwamba kilichowagawa wazee wao kilikuwa karatasi ya leseni, wala hakikuwa vitufe.

Kijembe cha pili, hata hivyo, kina msingi. Aprili 2011 GNOME 3 ilitoka ikiwa imeondoa upau wa madirisha uliozoeleka pamoja na kitufe cha kushusha dirisha, na kuwataka watumiaji wapange kazi zao kwa namna nyingine kabisa. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, mfumo huria wa uendeshaji unaobeba maeneo-kazi haya, alilalamika hadharani na kuhamia Xfce, eneo-kazi jingine, kwa muda. Wenye ujuzi walifanya zaidi ya kulalamika: msimbo wa GNOME 2 ulichukuliwa ukaendelezwa kwa jina la MATE, na timu ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaanza eneo-kazi la Cinnamon, na vyote viwili vinatumika hadi sasa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ulimwengu huu, kwamba mtu akisema "mmeharibu" anaweza kuondoka na kila kitu, hadi mstari wa mwisho wa msimbo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini haki hiyo ni ya anayeweza kuitumia. Kwa walio wengi iliyobaki ni dhihaka, na hakuna dhihaka inayolionyesha jambo hili vizuri kama ile ya kisanduku cha kuchagua faili.

Asiyekijua nimweleze. Unataka kupakia picha mtandaoni, unabofya kitufe, na linafunguka dirisha dogo la kuchagua faili. Katika programu zilizojengwa kwa GTK, dirisha hilo lilikuwa orodha ya majina tu: IMG na tarakimu nane, IMG na tarakimu nane nyingine, na kuendelea hadi chini. Ungebofya jina moja, ungeonyeshwa picha yake pembeni, lakini hukuweza kuziona picha zote kwa pamoja zikiwa zimepangwa kama vijipicha ili uichague uitakayo kwa jicho. Mtu mwenye picha 300 za harusi alitakiwa ama akumbuke namba, ama afungue folda kwenye dirisha jingine, atafute picha, asome jina lake, kisha arudi. Ombi la kurekebisha hali hiyo liliandikwa mwaka 2004. Lilitimizwa katika GNOME 44, iliyotoka Machi 2023.

Katika miaka hiyo yote ombi halikusahaulika, na sababu ya kutosahaulika ilikuwa utani. Kila tangazo la toleo jipya, hata likihusu jambo la mbali kabisa, lilipokewa na mtu akiuliza kwa upole wa bandia kama vijipicha vimefika. Walioanza kutumia Linux miaka kumi baada ya ombi kuandikwa waliurithi mzaha huo kabla hawajakumbana na tatizo lenyewe. Wapo waliotengeneza viraka vyao, yaani marekebisho madogo ya msimbo, na kuvitumia kwenye kompyuta zao, lakini kiraka kisichopokelewa na mradi wenyewe kina kazi isiyoisha, kwani kila toleo jipya linaweza kukivunja. Na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angejitenga na maktaba nzima inayobeba mamia ya programu kwa sababu ya dirisha moja.

Nawatetea kidogo watengenezaji, maana haki yao hupotea katika vicheko. Kuonyesha vijipicha elfu moja si sawa na kuonyesha majina elfu moja: kila picha inabidi isomwe, ipunguzwe na ichorwe bila dirisha kuganda, na sehemu za zamani za GTK za kuonyesha orodha hazikuundwa kwa kazi ya aina hiyo. GTK 4 ndiyo iliyoleta njia mpya ya kuchora orodha na gridi kubwa, na baada ya hapo vijipicha vikawa kazi ya kawaida. Kwa hiyo anayesema mzaha ndio uliotengeneza vijipicha anatia chumvi. Mzaha ulifanya kazi ndogo zaidi, lakini ya lazima: uliliweka ombi juu ya meza hadi siku ambayo mtu mwenye uwezo alikuta vifaa vipo.

GIMP ina kisa kinachofanana nacho, ila ni kifupi. Kwa miaka mingi ilifungua vifaa vyake katika madirisha mengi yaliyoelea kila moja kivyake, watu wakaicheka, na Mei 2012 toleo la 2.8 likaleta uwezo wa kuyaweka yote katika dirisha moja.

Upo pia utani ambao hauombi chochote. "Mwaka huu ndio mwaka wa Linux kwenye kompyuta za mezani" ni kauli iliyorudiwa mno hata ikawa salamu. Februari 2024 takwimu za StatCounter ziliionyesha Linux ikivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani duniani kwa mara ya kwanza, na wenyewe walishangilia kama walioshinda kombe, huku wakijicheka kwa kushangilia asilimia 4. Napenda watu wanaoweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Mauzo ya Steam Deck, kifaa cha michezo cha Valve kilichotoka 2022 kikiwa na mfumo uliojengwa juu ya Arch Linux, toleo jingine la Linux, pamoja na eneo-kazi la KDE Plasma, yaliwaingiza humo watu wengi ambao hawakuwahi kusikia salamu hiyo.

Na hapo ndipo utani unapoanza kubadilika ladha, kwa sababu mgeni hajui lipi ni la kucheka. Akiingia kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, kwa bahati mbaya na kushindwa kutoka, wenyeji humwambia achomoe waya wa umeme. Jibu ni fupi kuliko mzaha wenyewe: bonyeza Esc, andika nukta mbili, herufi q na alama ya mshangao, kisha Enter, na utatoka bila kuhifadhi ulichobadilisha. Kuna na majigambo ya "kwa taarifa yenu, natumia Arch", yaliyotokana na ugumu wa kuisakinisha Arch kwa mkono, amri baada ya amri. Majigambo hayo yalipungua uzito kidogo Aprili 2021 hati ya usakinishaji ya archinstall ilipowekwa ndani ya diski yenyewe ya kusakinishia. Hayo hayaumizi mtu.

Upo mmoja ambao siuiti utani. Mgeni analalamika kuwa kompyuta ni nzito, na mtu anamshauri aondoe kifurushi cha lugha ya Kifaransa, kwa amri ya rm ikifuatiwa na herufi f na r, kisha mkwaju (/). Asichoambiwa ni kwamba rm ni amri ya kufuta, f inaagiza isiulize swali, r inaagiza iingie katika kila folda iliyo ndani, na mkwaju peke yake ni mzizi wa mfumo mzima. Watengenezaji wa zana za GNU, ambazo rm ni mojawapo, waliiziba hatari hiyo kwa namna yao, yaani kwa msimbo: rm ya leo hukataa kufuta mzizi mpaka mtumiaji aongeze kwa makusudi chaguo refu la kuondoa kinga hiyo. Kinga hiyo humlinda hata anayedanganywa na wachekeshaji.

Shaka yangu kubwa juu ya kura hii ya vicheko, hata hivyo, si ukali wake. Ni kwamba inahesabu vichwa. Vijipicha vilichekwa kwa sababu kila mtu ana picha. Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha uliobuniwa mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X11, una mzaha wake unaojulikana, kwamba uko tayari "bado kidogo tu", na mzaha huo umesukuma mambo mengi yanayowagusa wengi, kama kushiriki skrini katika mikutano. Lakini Wayland ilikataa kwa makusudi jambo ambalo X11 iliruhusu: programu moja kusikiliza kila kitufe kinachobonyezwa katika programu nyingine. Kwa usalama ni uamuzi sahihi, maana ndivyo wezi wa nywila walivyofanya kazi. Kwa mtu asiyeona, anayetumia kisoma skrini cha Orca, kusikiliza vitufe popote alipo ndiyo njia yenyewe ya kuiamuru programu isome, inyamaze au irudie mstari.

Hakuna aliyelitungia hilo kijembe, kwani halichekeshi, na wanaoguswa nalo ni wachache mno kuufanya mzaha uenee. Fedora, toleo jingine la Linux, iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza katika toleo la 25, Novemba 2016. Njia mpya ya kuziwezesha amri za kibodi za Orca kufanya kazi ipasavyo chini ya Wayland ilifika katika GNOME 48, Machi 2025, na katika kipindi chote cha katikati wasioona waliotaka kufanya kazi yao bila usumbufu walishauriwa wabaki X11.