Fundi, usiikate tena ile lasi

Hapa Ngamiani, ukijitambulisha kuwa fundi cherehani, mtu haanzi kwa kuuliza bei. Anauliza kama na wewe ni mwongo. "Njoo Ijumaa" ya fundi ni mzaha wa mji mzima wa Tanga, na siwatetei wote, maana wapo wanaopokea vitambaa wiki ya mwisho ya Ramadhani wakijua fika kwamba Idd itawakuta hawajavigusa. Lakini nimekaa na mafundi miaka mingi, na naamini ahadi nyingi zinazovunjika hazivunjwi kwa ulaghai. Zinapotelea kichwani.

Kabla ya cherehani nilisomea ualimu, na saikolojia ilikuwa somo langu la pili. Mengi ya darasani yameshaniponyoka. Yaliyobaki ni yale yanayohusu kumbukumbu ya mambo yajayo, yaani kukumbuka jambo uliloazimia kulifanya baadaye. Kwenye mtihani swali lipo mbele yako, limeandikwa. Kitambaa cha mteja kilichokunjwa rafuni hakikuulizi kitu. Inabidi ujiulize mwenyewe, tena wakati mguu uko kwenye pedali na macho yako kwenye zipu ya mtu mwingine.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Gilles Einstein na Mark McDaniel, walitenganisha maazimio ya aina mbili: yale yanayosubiri tukio fulani litokee, na yale yanayosubiri saa fulani ifike. Ya saa mara nyingi ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna kinachokushtua. Ni juu yako kukumbuka kutazama saa. Dukani kwangu saa ya ukutani ipo, ila sijawahi kumwona fundi anayeitazama huku anashona bitana. Kwa hiyo kazi zangu zote nikazitoa kwenye saa nikazitundika kwenye matukio. Adhana ya Alasiri ikisikika, ninainuka, ninafunga vifungo na kupiga pasi nguo za kuchukuliwa siku hiyo. Muuza kahawa akipita jioni akigonganisha vikombe vyake, ninawapigia simu wateja wa kesho. Bahati yetu watu wa pwani, mchana wetu umejaa sauti za namna hiyo.

Kuna msingi wa kitaalamu nyuma ya hilo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameandika sana kuhusu maazimio ya mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, na kwa jumla waliopanga kwa mtindo huo walitimiza malengo yao zaidi ya wale waliobaki na nia tupu. Kwangu limefanya kazi, na sina la kuongeza.

Sehemu ngumu kwa fundi ni kazi zinazokufa. Harusi imeahirishwa, mteja amenenepa, dada yake aliye Muscat amemletea gauni tayari. Simu inaita: "Fundi, usiikate tena ile lasi, nitakwambia." Unajibu, "Haya mama, nimekuelewa," na kweli umemwelewa. Tatizo linakuja siku nyingine, mezani pameshawekwa vitambaa vya kukata, chaki iko mkononi, na ile lasi inakutazama. Azimio ulilolijenga vizuri linaamka lenyewe. Gauni lililochelewa unaweza kuliombea radhi. Lasi iliyokatwa haiungiki.

Julie Bugg na Michael Scullin wamechunguza jambo hili hasa. Watu walipewa kazi ya kompyuta na kuambiwa wakiona maneno fulani wabonyeze kitufe fulani. Baadaye wakaambiwa hayo yamekwisha, wasibonyeze tena. Kisha maneno yaleyale yakaletwa. Mimi ningebashiri kwamba waliokwisha kubonyeza mara kadhaa ndio wangeshindwa kujizuia, kwa kuwa wameshazoea. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalikuwa kinyume: waliokuwa katika hatari zaidi ni wale ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kubonyeza hata mara moja. Azimio lililotekelezwa linafungika kwa urahisi kuliko lile lililosubiri bure. Mwaka huohuo, wakiwa na McDaniel, walionyesha pia kwamba mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi", uleule ninaousifu hapo juu, unaweza kuongeza makosa ya kutenda jambo lililokwisha kufutwa. Kadiri unavyoifunga nia kwa nguvu, ndivyo inavyokuwa kazi kuifungua.

Hao walikuwa mbele ya kompyuta, hawakuwa na mkasi. Kuipeleka habari yao kwenye meza ya kukatia ni shauri langu mwenyewe. Niliwaza hivi: kama azimio ambalo halijatendwa ndilo linalosumbua, basi kazi iliyofutwa niipe kitendo chake cha mwisho. Kila kitambaa kwangu kina kadi ya vipimo iliyofungwa kwa uzi. Mteja akifuta, sisubiri jioni. Ninainuka palepale, simu ingali sikioni, ninakata uzi, ninachana kadi, ninakunja kitambaa na kukipandisha rafu ya juu ambako hakuna kinachokatwa. Halafu ninamwambia kwa sauti binti ninayemfundisha kazi: "Ya mama wa lasi imekwisha." Naye anaitikia. Wateja wanaokaa kibarazani wanatucheka.

Binti huyo alikuja na dawa yake. Alikuwa akijiambia kimoyomoyo, usikate, usikate. Nikamsimulia habari za Daniel Wegner, ambaye mwaka 1987 aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu hakuwatoka kichwani. Tena baadaye, waliporuhusiwa kumfikiria, wakamfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Binti akaniuliza dubu ni mnyama gani. Tukaishia hapo, lakini kujikataza kimoyomoyo ameacha.

Kazi inayobadilishwa ina utaratibu mwingine. Mafundi wengi wanachora mstari juu ya kipimo cha zamani na kuandika kipya pembeni. Mimi ninaandika kadi mpya nzima, hata kama kilichobadilika ni urefu wa mkono tu. Hapa ninamfuata Robert Bjork, aliyetafiti kusahau kwa makusudi kwa miongo mingi. Katika majaribio ya namna hiyo watu hujifunza orodha ya maneno, wanaambiwa waisahau, kisha wanapewa nyingine. Imeonekana kwamba agizo la kusahau linashika vizuri pale orodha mpya inapofuata. Agizo peke yake halifiki mbali. Kwa hiyo kadi mpya inasomwa yote kwa sauti, kuanzia bega hadi pindo, kana kwamba mteja ndiyo kwanza ameingia.

Kuhusu kazi zilizobaki zinazokurudia kichwani usiku, wengi humtaja Bluma Zeigarnik, aliyeandika akiwa Berlin mwaka 1927 kwamba kazi isiyokwisha hukumbukwa kuliko iliyokwisha. Mimi simwegemei sana, kwa sababu waliorudia majaribio yake hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Ninawapenda zaidi Masicampo na Baumeister. Mwaka 2011 walionyesha kwamba lengo lisilotimizwa huacha kukuingilia mawazoni ukishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hujalitimiza. Kwa hiyo kabla ya kufunga duka ninaandika kwenye daftari kila kazi iliyobaki, na kando yake tukio la kesho litakaloiamsha.

Lililobaki ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mtu anakutumia saa nne usiku, "Fundi, mkono uwe mrefu bwana," nawe uko nyumbani Makorora, kitambaa kiko dukani, hakuna kadi ya kuchana. Nimeweka sharti: hakuna mshono unaobadilika usiku hadi asubuhi nipige simu nikiwa nimekishika kitambaa. Baadhi wananuna. Mama mmoja wa Chumbageni aliniambia nina masharti kama mganga, kisha akaniuliza kama bado ninapokea za Idd.