Jinsi Nilivyodhibiti Uvujaji Chini ya Tuta la Mto Nzoia

Huku Budalangi, magharibi mwa Kenya, ambako Mto Nzoia unakaribia kuingia Ziwa Victoria, mashamba yanakingwa dhidi ya mafuriko na matuta ya udongo. Msimu wa mvua za masika, nikikagua tuta, niliona maji yenye mchanga yakibubujika upande wa mashamba. Mchanga huo ndio ulionitia hofu, kwa sababu maji safi yanayopenya huweza kuvumiliwa, lakini yanayobeba udongo huchimba mfereji chini ya tuta mpaka tuta lenyewe likaporomoka.

Wenzangu walitaka kuliziba tundu. Niliwasihi wasifanye hivyo, maana maji yaliyozibwa hutafuta njia nyingine. Badala yake tulilizungushia magunia ya mchanga, tukayapandisha mpaka uzito wa maji yaliyojikusanya ndani ukapunguza kasi ya yale yanayotoka, nayo yakaanza kutoka maangavu, kisha tukayaachia mkondo mwembamba.

Mto ulipopungua tulichimbua upande wa mto, tukaujaza udongo wa mfinyanzi kwa matabaka membamba yaliyoshindiliwa moja baada ya jingine, tukapanda nyasi. Vichaka tuliving'oa, kwani mizizi ikioza huacha njia za maji. Ng'ombe sasa huvushwa tuta mahali pamoja tu, palipotandazwa mawe, ili wasilibomoe kwa kwato.