Jino la Salma na ile "sirapu kidogo"

Salma ana miaka minne, gego lake la chini lilitoboka mpaka ufizi ukatunga usaha, kwa hiyo kusubiri jino litoke lenyewe haikuwezekana tena. Kliniki tuliyoanzia alipoona tu ile taa akapiga mayowe, mdomo hafungui. Daktari akasema mama usijali, tutampa sirapu kidogo ya usingizi, hatasumbua. Bibi yake yeye alishasema mshikeni mikono na miguu ang'olewe yaishe, mbona nyie mlifanyiwa hivyohivyo. Hilo sikulitaka kabisa, mtoto akikandamizwa vile anaweza kuogopa daktari wa meno mpaka utu uzima.

Ila hiyo "kidogo" nayo ikanikaa kichwani. Dawa yenyewe ni midazolamu, haiondoi maumivu, inamlegeza na kumsahaulisha tu, sindano ya ganzi anachomwa vilevile, na kuna watoto inawageuza wakali wanalia na kupigana. Kipimo chake kinategemea kilo za mtoto, na hapo Salma hakuna aliyempandisha kwenye mzani!

Nikauliza nani atakuwa anamwangalia anavyopumua. Nikajibiwa nesi, yani yuleyule anayeshika mpira wa kunyonya mate na kumpa daktari vifaa. Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Jamani hili swali naomba kila mzazi aliulize bila aibu. Mtoto mdogo njia yake ya hewa ni nyembamba, ulimi mkubwa, akiba ya oksijeni ndogo, halafu kwenye meno maji, damu na vidole vya daktari vyote viko mlango uleule anaopumulia. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinasaidia lakini namba inaweza kuchelewa kushuka wakati pumzi imeshakwama. Na usingizi mwepesi unaweza kuteleza ukawa mzito bila mtu kupanga. Mwongozo wa Marekani wa 2019, wa madaktari wa watoto na wa meno, unataka mtoto anayelazwa usingizi mzito kwenye kliniki ya meno awe na mtaalamu mwingine wa usingizi ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye tu. Mimi naona hata huo mwepesi lazima awepo mtu wa hivyo, na mtungi wa oksijeni na mpira wa kumpulizia hewa viwe hapohapo chumbani, sio stoo.

Hospitali tuliyoenda baadaye wakampima uzito, wakasikiliza kifua, wakachungulia koo, wakaniuliza kama anakoroma usiku na kama ana mafua. Chakula na maziwa mwisho masaa sita kabla ya dawa, maji matupu mwisho masaa mawili kabla, maana akitapika akiwa amelegea matapishi yanaingia kwenye mapafu. Asubuhi yote analilia uji, roho iliniuma. Alipokunywa dawa baada ya muda akawa anauchekea ukuta, ulimi mzito, kidole changu kakikamata hakiachii, na dada wa usingizi kasimama kichwani kwake hajagusa koleo wala pamba, macho kwenye kifua cha mtoto tu. Gego likatoka. Lile la pili lililoanza kuoza likapakwa dawa yenye madini ya fedha (silver) ya kuzuia kuoza, ambayo WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, inaacha weusi lakini haihitaji kuchimba wala usingizi, na kwa jino la utotoni weusi mimi haunisumbui.

Hatukuruhusiwa mpaka akakaa mwenyewe na kunijibu, na wakanikataza bodaboda, na kwenye gari nisimwache kidevu kikaangukia kifuani maana hapo hewa inaziba.

Kinachoniumiza mpaka sasa ni bima, imelipa kung'oa jino ikakataa kumlipa yule wa usingizi eti ni hiari ya mzazi. Hiari ipi? Nimeshawaandikia barua na nitaifuatilia.