Cheche, jarida la stensili

Wiki hii jioni zangu zimeishia kwenye jarida moja dogo lililokufa kabla sijazaliwa. Linaitwa Cheche. Toleo la kwanza lilitoka Mlimani, Dar es Salaam, Novemba 1969, enzi zile pale bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lilitolewa na wanafunzi: tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU pamoja na kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika kilichojiita USARF (University Students' African Revolutionary Front), ambacho mwenyekiti wake wa awali alikuwa kijana wa kutoka Uganda, Yoweri Museveni. (Ndiyo, huyo huyo.) Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji.

Nakiri kilichonivuta si siasa, ni namna lilivyotengenezwa. Mimi na rafiki yangu tunataka kutoa kijarida chetu cha kurasa chache, na mpaka sasa kazi yetu kubwa imekuwa kulalamikia bei ya fotokopi pale steshenari. Hawa wenzetu walikuwa na stensili tu.

Kwa ambao hawakuikuta: stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaipachika kwenye taipureta, unaondoa utepe wa wino, kisha unapiga kwa nguvu ili herufi zikate ile nta. Ukikosea, unapaka dawa juu ya kosa, unasubiri ikauke, unapiga tena palepale ukiomba Mungu karatasi isichanike. Ikikamilika unaivisha kwenye silinda ya mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, na nakala zinatoka moja moja zikiwa bado na ubichi wa wino. Stensili iliyochoka utaijua kwa herufi "o": tumbo lake linadondoka na kubaki doa jeusi. Baada ya hapo kurasa zinatandazwa mezani, watu wanaizunguka meza wakiokota moja moja, mwisho pini. Sisi tuliofanya mitihani ya majaribio ya stensili tunaijua hata harufu yake.

Ndani ya karatasi hizo walikuwa na maandishi mazito. Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, kuhusu nguvukazi ya Waafrika chini ya ubepari; mwaka mmoja kabla, serikali ya Jamaika ilikuwa imemkataza kurudi nchini humo. Kisha Septemba 1970 likatoka toleo maalumu, lote la mtu mmoja, kijana wa sheria aitwaye Issa Shivji. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu tu, mabenki na makampuni makubwa yametaifishwa, nchi nzima inashangilia. Yeye akauliza swali ambalo halikupendeza: je, ni kweli wananchi ndio wenye mali? Akaonyesha jinsi serikali ilivyokuwa na hisa mkononi huku makampuni ya nje yakiendelea kushika usukani kwa mikataba ya uendeshaji, na jinsi maofisa wa mashirika walivyoanza kuwa tabaka lenye maslahi yake.

Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku, na Cheche nayo ikazimwa. Sababu iliyotolewa inanichekesha na kunikera kwa pamoja: eti jina limetoka kwa gazeti la Lenin, Iskra (yaani "cheche" kwa Kirusi), kwa hiyo linawapa watu picha kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya wake yenyewe. Ni kweli jina lilitoka huko. Lakini lilikuwa kwenye jalada tangu toleo la kwanza na halikumsumbua mtu mwaka mzima. Mimi naona aliyesumbua ni Shivji.

Jambo moja linanitatiza, na sijaona sababu ya kulifunika. Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, ila ndani ni Kiingereza. Mfanyakazi wa bandarini na mkulima wa kijiji cha ujamaa, ambao kila makala iliwasemea, wasingeweza kulisoma. Najua chuo kilifundisha kwa Kiingereza, na najua walitaka kusomwa hadi nje ya nchi. Bado linanitatiza. Rafiki yangu anasema nahukumu watu wa 1970 kwa macho ya leo. Huenda, ila kijarida chetu kitakuwa cha Kiswahili, na hilo tumeshakubaliana.

USARF haikurudi. Umoja wa Vijana waliobaki pale chuoni walianza upya mwaka 1971, safari hii kwa jina ambalo hakuna ambaye angelisingizia Urusi: MajiMaji. Shivji akawa profesa wa sheria palepale Mlimani. Na Zakia Meghji, mhariri wa jarida lililohoji nani anamiliki uchumi wa nchi, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha mwaka 2006.