Tulivyohamia faiba zahanatini

Zahanati ninayoisimamia hapa Tanga ilitumia simu ya mezani ya waya wa shaba kwa miaka mingi. Ilipokuja ofa ya faiba, yaani waya wa kioo unaobeba simu na intaneti, bei ya kufungiwa ilikuwa nafuu. Mimi nilitaka kujua tutalipa nini miaka mitano mbele.

Nilifungua daftari la matumizi. Shaba ilikuwa inatumaliza kwa matengenezo: mvua za masika zikianza, maji yanaingia kwenye viungo na laini inakwaruza, wezi nao wakikata waya kuuza chuma chakavu, hatuna simu. Faiba ni kioo, haishiki kutu wala haina mnunuzi. Hapo sikubishana.

Umeme ndio ulioninyima usingizi. Waya wa shaba huja na umeme wake kutoka kituo cha simu, kama volti 48, kwa hiyo hata mtaa mzima ukiwa gizani simu yetu iliita. Faiba hupitisha mwanga tu. Kisanduku chake cha ukutani na ruta vinategemea umeme wetu. Ukikatika usiku, mama aliyeshikwa na uchungu anapiga na hapati mtu. Hilo nisingelikubali kwa bei yoyote.

Nikasoma maandishi nyuma ya vifaa: vyote volti 12, na kwa pamoja havifiki wati 20. Basi nikaiacha ile UPS ya kompyuta, kifaa chenye betri cha kushika umeme ukikatika, ambayo hupoteza umeme kwa kuugeuzageuza, nikachukua ya volti 12 inayochomekwa moja kwa moja na yenye betri ya kuvuka usiku. Betri huchoka, kwa hiyo nimeitengea fungu kila mwaka.

Kukatika kwa waya nako ni gharama. Shaba, fundi yeyote mwenye koleo anaiunga. Faiba inataka mashine ya kuyeyusha kioo. Niliomba waya upite ndani ya bomba, kona zisikunjwe sana, na mita kadhaa zizungushwe ukutani.

"Dada, hizi za ziada za nini?" fundi akauliza.

"Za kuungia siku tawi la mwembe likianguka na kuukata waya."

Kwenye mkataba nilidai iandikwe nani anabadilisha kisanduku kikiungua, na namba yetu ibaki ileile, maana imo kwenye kadi za kliniki za akina mama. Kisha nikazima swichi kuu, nikapiga kwa simu ya mkononi. Ya mezani ikaita. Laini ya shaba nikaiombea kufungwa baada ya hapo tu.