Nani Anaruhusiwa Kuandika Kwenye Kumbukumbu ya Pamoja?

Michakato miwili ya Linux, yaani programu mbili zinazoendeshwa, inapotumia kumbukumbu moja, data haihitaji kunakiliwa kutoka upande huu hadi ule, na ndiyo sababu njia hii hupendwa pale kasi inapohitajika, kama katika kupitisha picha za skrini au sauti. Mimi ninaposoma msimbo wa programu za aina hii, jambo la kwanza ninalotafuta ni nani anaweza kuandika humo, na ni kitu gani hasa kinachomzuia asiyestahili.

Mara nyingi nakuta mchakato unaopokea data (mpokeaji) umeita mmap, wito wa kuliweka faili kwenye kumbukumbu ya mchakato, kwa PROT_READ (kusoma) peke yake, na mwandishi wa programu ameridhika. Huo si ulinzi. Ikiwa deskripta ya faili aliyopewa, yaani namba ambayo mchakato hulitumia faili kupitia kwayo, ilifunguliwa kwa kusoma na kuandika, mpokeaji anaweza wakati wowote kuita mprotect, wito wa kubadilisha ruhusa za kumbukumbu, na kuomba PROT_WRITE (kuandika), na kerneli, kiini cha mfumo, itamkubalia. Deskripta iliyofunguliwa kwa O_RDONLY (kusoma tu) ni afadhali, kwa kuwa ombi hilo hilo litarudishwa na kosa la EACCES (huna ruhusa). Hata hivyo, kupitia /proc/self/fd, saraka inayoorodhesha deskripta za mchakato wenyewe, faili linaweza kufunguliwa upya, na hapo kerneli hukagua ruhusa za faili lenyewe, bila kujali deskripta ya kwanza ilifunguliwaje. Maktaba ya wlroots, inayogawa mpangilio wa kibodi kwa programu za Wayland, itifaki ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, hufungua faili mara mbili, moja kwa kuandika na nyingine kwa kusoma tu, kisha huondoa ruhusa zote za faili kwa wito wa fchmod. Ni hatua nzuri, ingawa mchakato wa mtumiaji yuleyule, akiwa ndiye mmiliki wa faili, anaweza kuzirudisha ruhusa hizo.

Kwa sababu hiyo napendelea mihuri, yaani makatazo yanayobandikwa kwenye faili la kumbukumbu lililoundwa kwa wito wa memfd_create, iliyoingia katika Linux 3.17 mwaka 2014. Muhuri hukaa kwenye faili, haubanduliki, na haukwepeki kwa kulifungua upya. F_SEAL_WRITE, muhuri unaozuia uandishi wote, hufaa data inayoandikwa mara moja tu, maana kerneli huukataa kwa kosa la EBUSY iwapo bado kuna mchakato ulioliweka faili kwenye kumbukumbu yake kwa kuandika na kushirikiana. Anayetaka kuendelea kuandika huku wengine wakisoma alisubiri hadi toleo la 5.1, mwaka 2019, lilipoleta F_SEAL_FUTURE_WRITE, muhuri unaozuia uandishi mpya tu, uliohitajiwa na Android ili iachane na ashmem, njia yake ya awali ya kumbukumbu ya pamoja: mwenye data huita mmap kwanza, hupiga muhuri, ndipo hugawa deskripta. Aongeze F_SEAL_SHRINK pia, muhuri unaozuia faili kupunguzwa, la sivyo faili likipunguzwa ukubwa, msomaji anayegusa sehemu iliyokatwa atauawa na ishara ya SIGBUS.

F_SEAL_FUTURE_WRITE humlinda mwandishi zaidi kuliko msomaji. Kwa kuwa mwandishi bado anaweza kubadilisha data kati ya ukaguzi na matumizi, msomaji asiyemwamini hana budi kuinakili kwanza kwenye kumbukumbu yake binafsi, kisha akague nakala hiyo na kuitumia hiyo hiyo.